Kuzidiwa na Joto: Uhakiki wa Istilahi za Tahadhari ya Joto Kali

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuzipima istilahi chache zinazotumiwa kuwahadharisha wananchi na joto kali. Istilahi hizo ni joto kali lenyewe, wimbi la joto, uchovu wa joto na kiharusi cha joto, pamoja na maagizo yanayoandamana nazo. Zimekwisha kuenea katika magazeti, redio na vipeperushi vya afya, na aghalabu zimezaliwa juu ya meza ya mfasiri aliyekuwa na maandishi ya kigeni mbele yake na muda mfupi wa kuyafasiri. Nia yetu si kumlaumu mfasiri huyo. Hata hivyo, neno likishatoka mezani kwake huwa mali ya umma, na umma una haki ya kulipima.

Ni lazima tutaje mapema kipimo tutakachokitumia. Istilahi ya darasani hupimwa kwa usahihi wake, ufupi wake, na jinsi inavyopatana na istilahi nyingine za taaluma hiyo hiyo. Mwanafunzi asiyeielewa leo atamwuliza mwalimu kesho. Istilahi ya tahadhari ina mtihani wa ziada: aliyeisikia atafanya nini katika robo saa inayofuata? Ikiwa neno ni sahihi katika kamusi lakini linamfanya msikilizaji akae kitako wakati anapotakiwa kuinuka, basi neno hilo limeshindwa kazi iliyolileta.

Ili mjadala wetu usielee hewani, tutazipima istilahi hizi kana kwamba zinasomwa Ikoma, katika Mkoa wa Mara, mbele ya mkutano wa kijiji. Tumepachagua mahali hapo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hali ya hewa ya huko, na ya pili ni hali ya lugha.

Ikoma na hatari ya mahali pasipozoea

Nchi ya Waikoma iko upande wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, Robanda na vijiji jirani, karibu na boma lililojengwa na Wajerumani wakati wa utawala wao. Ni nyanda zilizo zaidi ya meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku hupoa, na kati ya Juni na Agosti mchungaji hutoka alfajiri akiwa amejifunika shuka. Mkazi wa huko akiulizwa adui zake katika hali ya hewa atautaja ukame, na pengine mvua iliyokuja kwa wakati usiofaa. Joto hatalitaja. Kwake joto ni sifa ya kitu kizuri: jiko lina joto, mgongo wa mama una joto, uji unapendeza ukiwa wa moto.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini tusizungumzie Dar es Salaam au Tanga, ambako joto lafahamika? Jibu ni kwamba joto huua zaidi pale ambapo watu, nyumba na desturi hazijajiandaa. Mwaka 2003 joto la kiangazi liliua zaidi ya watu 70,000 katika Ulaya, na kati yao kiasi cha 15,000 walikuwa Ufaransa, nchi ambayo hakuna aliyeihesabu miongoni mwa nchi za joto. Mnamo Juni 2021, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, mji mdogo wa Lytton ulifikia nyuzijoto 49.6. Uchunguzi rasmi wa jimbo hilo ulihesabu vifo 619 vilivyosababishwa na joto la siku hizo. Karibu watu wote hao, asilimia 98, walifia majumbani, na theluthi mbili kati yao walikuwa na umri wa miaka 70 au zaidi. Tunaomba msomaji aikumbuke takwimu hii ya majumbani, maana tutairejea.

Karibu zaidi nasi, Sudan Kusini ilifunga shule zake Machi 2024 kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufikia nyuzijoto 45, na ikazifunga tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuanguka mjini Juba. Juba imezoea joto, na bado watoto walianguka. Mahali pasipozoea hapahitaji nyuzijoto 45. Nyuzijoto 33 mjini Tanga katika Februari hazimshangazi mtu. Kiasi hicho kikikaa Ikoma siku tano mfululizo, usiku nao ukakataa kupoa, kitamkuta mzee ambaye mwili wake haujawahi kufunzwa kukistahimili.

Sababu ya pili ya kuichagua Ikoma ni ya lugha. Tangazo likitoka mkoani hufika kijijini kwa Kiswahili. Hapo mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji au mhudumu wa afya hulieleza upya kwa Kiikoma, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kinata na Kiisenye, ili wazee walielewe sawasawa. Kwa hiyo kila istilahi ya Kiswahili huko hufasiriwa mara mbili: mara ya kwanza na mtaalamu ofisini, mara ya pili kwa mdomo, papo hapo, na mtu asiye na kamusi mkononi. Istilahi iliyo wazi huivuka safari hiyo salama, na istilahi iliyojifunga huvunjika njiani. Wafasiri wa mijini hawaufikirii sana ufasiri huu wa pili, ingawa sehemu kubwa ya nchi yetu hupata habari zake kwa njia hiyo.

Joto, hari na fukuto

Kiswahili hakina umaskini wa maneno ya joto. Tuna joto, ambalo ni jina la jumla. Tuna hari, neno lenye asili ya Kiarabu, linalotaja joto pamoja na jasho linaloandamana nalo. Tuna fukuto, yaani joto zito lenye unyevu ndani yake, ambalo mtu wa pwani hulihisi wakati wa kaskazi kabla ya mvua kushuka. Katika sayansi tumejipatia jotoridi na halijoto kwa ajili ya kipimo chenyewe, pamoja na kipimajoto kwa ajili ya chombo. Ni hazina ya kutosha.

Pamoja na hazina hiyo, matangazo yetu hutumia neno moja tu, joto kali, kwa hali zote. Hapa pana hasara ya kweli. Fukuto na joto kavu haziudhuru mwili kwa njia moja. Katika fukuto, jasho hutoka lakini halikauki, kwa sababu hewa imeshiba unyevu, na mwili hukosa njia ya kujipoza hata kama jotoridi si kubwa sana. Katika joto kavu lenye upepo, kama lile la nyanda za Serengeti, jasho hukauka mara tu litokapo. Mchungaji haoni nguo iliyolowa, hivyo hudhani kwamba hajapoteza maji, na kiu humjia akiwa amekwisha kupungukiwa. Wa pwani yampasa kuambiwa atafute upepo na apumzike. Wa Ikoma yampasa kuambiwa anywe maji kabla ya kuona kiu. Twapendekeza kwamba fukuto lipewe hadhi ya istilahi kwa joto lenye unyevu, na joto kavu litumike kwa hali ya pili, badala ya kuziacha zote mbili ndani ya neno moja.

Tungependa pia kulisifu neno moja linalotumiwa na wataalamu wetu wa hali ya hewa, yaani jua la utosi. Wakati fulani wa mwaka jua hupita juu ya vichwa vyetu moja kwa moja, nalo huwa miongoni mwa sababu za kuongezeka kwa joto. Kwa Ikoma, iliyo kiasi cha nyuzi mbili kusini mwa ikweta, jambo hilo hutokea karibu na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Ubora wa istilahi hii ni kwamba mtu yeyote aweza kuihakikisha kwa macho yake: akisimama nje adhuhuri ataona kivuli chake kimeingia miguuni. Mwalimu aweza kuifundisha bila ubao. Hivi ndivyo istilahi inavyotakiwa kuwa.

Wimbi la joto

Istilahi wimbi la joto ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka lugha za Ulaya. Hatusemi kwamba haieleweki. Kiswahili kimekwisha kulizoea wimbi katika maana ya sitiari, na watu husema wimbi la ujambazi au wimbi la wahamiaji bila kufikiria bahari. Kasoro yake ni nyingine. Wimbi huja, hupiga, hurudi. Anayesikia kwamba wimbi linakuja hujishikilia mpaka lipite, kisha huendelea na shughuli zake. Joto la hatari halipigi mara moja namna hiyo. Hulimbikizana. Siku ya kwanza mwili hustahimili, siku ya pili huchoka, na usiku usiopoa huunyima nafasi ya kujirudi. Vifo vingi hutokea baada ya siku kadhaa za kustahimili.

Tena wimbi halitaji mahali. Wataalamu wa hali ya hewa ulimwenguni hulihesabu joto la namna hii kwa kulilinganisha na kawaida ya mahali husika, mchana na usiku, kwa siku kadhaa mfululizo. Ulinganisho huo ndio kiini cha dhana, nao umepotea katika tafsiri yetu. Twaona kwamba wimbi la joto libaki katika vitabu vya jiografia, ambako mwalimu yupo wa kulieleza. Katika matangazo twapendekeza siku za joto lisilo la kawaida, na idadi ya siku itajwe: "siku tano za joto lisilo la kawaida kwa Wilaya ya Serengeti, mchana na usiku." Maneno yameongezeka, ni kweli. Lakini ufupi ni sifa ya istilahi pale tu usipoficha jambo lenyewe.

Kiharusi cha joto

Sasa twafikia istilahi iliyotufanya tushike kalamu. Joto likiushinda mwili kabisa, jotoridi la ndani hupanda na kuzidi nyuzijoto 40, ubongo huanza kuathirika, na mgonjwa huchanganyikiwa, husema maneno yasiyoeleweka, hupepesuka, huzirai au hupatwa na degedege. Ngozi yake huwa ya moto. Pengine jasho hukatika, na pengine bado linatoka, hasa kwa aliyekuwa akifanya kazi nzito. Hali hii huua au kuacha ulemavu, na wokovu wake hutegemea dakika chache za mwanzo: mgonjwa aondolewe penye joto, avuliwe nguo za ziada, amwagiwe au apanguswe maji mwilini na kupepewa bila kukoma, huku akitafutiwa njia ya kupelekwa kwenye kituo cha afya.

Hali hiyo ndiyo inayoitwa kiharusi cha joto. Asili ya istilahi hii yafahamika. Kiingereza hutumia neno lenye maana ya pigo kwa ugonjwa wa kupooza unaotokana na ubongo kukosa damu, na hulitumia neno hilo hilo kwa pigo la joto. Mfasiri alilifungua neno hilo katika kamusi, akaikuta maana ya kwanza, akaichukua. Kifaransa na Kiarabu hazikumpeleka huko. Lugha hizo husema pigo la joto na pigo la jua, nazo huuacha ugonjwa wa kupooza ukae peke yake.

Madhara ya kosa hili si ya kitaaluma tu. Kwa Mtanzania kiharusi ni ugonjwa unaofahamika: mtu amepooza upande mmoja, mdomo umekwenda kando, mkono hauinuki. Wapo wanaouhusisha na upepo mbaya. Anayeambiwa ajihadhari na kiharusi cha joto ataangalia dalili hizo, na asipoziona atasema, "La, hiki si kiharusi." Mgonjwa wa joto hana mdomo uliokwenda kando, amechanganyikiwa, na mwili unawaka. Akiwa ni mzee, familia itadhani ni uzee au malaria imempanda kichwani. Na hata wakiamini kwamba ni kiharusi, hakuna katika neno hilo kinachowaagiza kumpoza. Watu hawammwagii maji mgonjwa wa kiharusi. Humlaza kitandani, humfunika, humwita mzee wa familia, kisha huanza kutafuta nauli. Kwa aliyezidiwa na joto, kumlaza na kumfunika ndani ya nyumba ya mabati ni kuikamilisha kazi ya joto.

Suala la malaria linahitaji neno la ziada, kwa sababu Mkoa wa Mara uko katika ukanda wa Ziwa Viktoria, ambako malaria ni ugonjwa wa kila siku. Mwili wa moto katika lugha ya nyumbani una jina moja, homa. Katika homa, mwili wenyewe umeamua kupandisha jotoridi lake ili kupambana na ugonjwa, nazo dawa za kushusha homa huubadilisha uamuzi huo. Aliyeshindwa na joto mwili wake haukuamua chochote. Umelemewa kutoka nje na kutoka katika kazi ya misuli yake. Dawa za kushusha homa hazimsaidii, na kumpa kisha kusubiri ni kupoteza zile dakika za mwanzo. Tangazo linalostahili jina hilo halina budi kuisema tofauti hii waziwazi: kwanza poza mwili, kisha mpeleke kituoni, na huko ndiko malaria itakakopimwa.

Nini basi kiwekwe mahali pa kiharusi cha joto? Tumeyafikiria maneno matatu.

La kwanza ni kupigwa na jua. Ni neno la watu, linafahamika kila mahali, na laweza kufasiriwa kwa Kiikoma bila taabu. Lakini linampeleka msikilizaji nje, kwenye jua, ilhali takwimu za Kanada tulizozitaja zaonyesha watu waliofia majumbani mwao, kivulini. Bibi aliyekaa ndani siku nzima chini ya bati lisilo na dari, au mama lishe aliye kando ya mafiga matatu, hawezi kuambiwa kwamba amepigwa na jua. Neno hili lamwacha nje yule anayehitaji zaidi kuokolewa.

La pili ni pigo la joto. Ni sahihi kuliko kiharusi, nalo lapatana na lugha nyingine. Lakini pigo ni jambo lililokwisha kutokea. Halisemi kwamba mgonjwa yumo katika hatari inayoendelea kukua, wala halimwinui mtu kitini.

La tatu, ambalo ndilo tunaloliunga mkono, ni kuzidiwa na joto. Kila mwenye kukitumia Kiswahili anajua maana ya mgonjwa aliyezidiwa. Habari ikifika kwamba fulani amezidiwa, hakuna anayeuliza dalili. Watu huacha majembe, huazima pikipiki, humpigia simu ndugu aliye mjini. Uzito huo umo ndani ya neno tangu zamani, na hakuna kipeperushi kinachoweza kuununua. Linataja pia kisababishi, joto, hivyo tiba ya kwanza imo ndani ya jina: kilichomzidi ni joto, basi kiondolewe. Na kwa kuwa linatokana na kitenzi cha kawaida chenye maana ya kushindwa na kitu kikubwa kuliko nguvu zako, mwenyekiti wa kitongoji ataweza kulitafutia mwenziwe katika Kiikoma papo hapo.

Pingamizi moja yaweza kutolewa, kwamba kuzidiwa si nomino na istilahi hupendeza ikiwa nomino. Kwa maoni yetu pingamizi hilo halina nguvu katika Kiswahili. Kitenzijina ni nomino katika ngeli yake ya KU-, nasi tumezoea kuyataja maradhi kwa namna hiyo: kuhara, kutapika, kupooza, kuzirai. Daktari husema "kuhara kwa watoto" katika taarifa rasmi na hakuna anayemwona amekosea. Vivyo hivyo ataweza kusema "kuzidiwa na joto kwa wazee."

Uchovu wa joto

Kabla ya kuzidiwa kuna hatua ya mwanzo, ambayo kwayo mtu aweza kuokolewa kwa urahisi. Jasho humtoka kwa wingi, kichwa humgonga, kizunguzungu humshika, hujisikia kichefuchefu, misuli humkaza. Akili yake bado ni timamu. Akipumzishwa kivulini na kunyweshwa maji kidogo kidogo, kwa kawaida hupata nafuu. Istilahi inayotumika ni uchovu wa joto.

Uchovu ni neno dhaifu mno kwa kazi hii. Mkulima aliyelima tangu alfajiri amechoka, na kuchoka kwake ni heshima. Kumwambia kibarua anayefyatua matofali kwamba ajihadhari na uchovu ni sawa na kumwambia ajihadhari na kazi. Twapendekeza kulegezwa na joto. Mwili uliolegea si mwili uliochoka tu. Ni mwili ulioacha kutii, na wananchi hulitumia neno hilo wanapomweleza mganga hali ya mgonjwa. Tena kulegezwa na kuzidiwa huenda pamoja kama ngazi mbili za njia moja: leo amelegezwa, asipoangaliwa atazidiwa. Tofauti kati ya ngazi hizo mwananchi aweza kuipima kwa swali jepesi, bila kipimajoto: mgonjwa anakujibu sawasawa, au hakujibu sawasawa? Asipojibu sawasawa amezidiwa, na haifai kumnywesha chochote, maana chaweza kumpalia.

Maagizo yanayoandamana na istilahi

Istilahi njema yaweza kuharibiwa na maagizo mabaya. Tutagusa manne.

Kwanza ni saa. Maandishi ya kigeni huwahimiza watu waepuke jua tangu saa wanayoihesabu kuwa ya 10 hadi ile ya 4. Mfasiri mwenye haraka akiziandika tarakimu hizo kama alivyozikuta, msikilizaji wa Ikoma atasikia kwamba aepuke kuwa nje kati ya saa 10 na saa 4, yaani tangu jioni hadi usiku. Mchana wote ataona ameruhusiwa. Haya ni makosa ya tarakimu mbili tu, na yanaligeuza agizo zima juu chini. Sharti iandikwe: tangu saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, na sehemu ya siku isiachwe kamwe.

Pili ni agizo la kukaa ndani. Katika nchi zilizoliandika, ndani kuna kuta nene, mapazia, na pengine kiyoyozi. Katika vijiji vyetu nyumba ya mabati isiyo na dari huwa tanuri ifikapo saa 8 mchana, na mti ulioko uani una baridi kuliko chumba. Nyumba ya nyasi, ambayo tumejifunza kuionea haya, ni bora kuliko zote mbili. Agizo linalofaa ni kukaa penye kivuli na upepo, popote palipo hivyo. Hapa mfasiri ana wajibu wa kulifasiri kusudio, na akilifasiri neno peke yake atakuwa amewaingiza wazee tanurini.

Tatu ni vinywaji. Tumekwisha kusoma maagizo ya kutumia vinywaji kwa wingi. Katika matumizi ya kawaida ya Tanzania, anayekaribishwa kinywaji huulizwa ni bia au soda. Iandikwe maji, kwa jina lake. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kikombe kimoja cha maji kila saa, na kwa siku nzima lita 2 hadi 3 kwa uchache. Kikombe na lita ni vipimo vinavyojulikana katika kila nyumba.

Nne ni maneno makundi maalumu na makundi yaliyo katika mazingira hatarishi. Haya ni maneno ya ofisini, na hakuna mtu anayejiona ndani yake. Mzee hajui kwamba yeye ni kundi. Watajwe: wazee, watoto wachanga, wajawazito, wenye maradhi ya moyo, ya figo na ya kisukari, wachunga ng'ombe, wafyatua matofali, mama lishe, askari wa wanyamapori. Orodha ndefu inayomtaja mtu ni bora kuliko jina fupi linalomficha.

Neno kuhusu ngazi za tahadhari

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia ngazi tatu katika taarifa zake za hali mbaya ya hewa: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Tunazipongeza kwa kuwa ni za Kiswahili na ni chache. Ugumu umo katika ngazi ya kwanza. Katika vitabu na barua za serikali, angalizo ni jambo lililowekwa pembeni ili msomaji alizingatie. Halitoi fununu kwamba ni ngazi iliyo chini ya tahadhari, na mfasiri wa mdomo kijijini atayafanya yote mawili kuwa neno moja. Kwa kuwa maneno haya yamekwisha kuota mizizi, hatupendekezi yabadilishwe. Twapendekeza kila moja lifuatane na kitendo kimoja kisichobadilika: angalizo, jiandae, tahadhari, punguza kazi, tahadhari kubwa, acha kazi.

Chemchemi ya maneno

Tangu Baraza lilipoundwa mwaka 1967 imekuwa kanuni yetu kwamba istilahi itafutwe kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu zilizo jirani zake, na ndipo tugeukie lugha za mbali. Kanuni ya pili imetuletea matunda hata kutoka mkoa huu huu tunaouzungumzia. Neno kung'atuka, ambalo Mwalimu Nyerere alilieneza alipoacha urais mwaka 1985, lilitoka katika Kizanaki, lugha ya Mara. Leo hakuna anayeliona kuwa neno la wilaya.

Hatudai kwamba Kiikoma kina neno tayari kwa kila hatua ya joto. Twadai kwamba istilahi za joto zilizopo hazikupitia kwa watu wanaolala ndani ya joto hilo. Mchungaji anayajua majina ya hali za ng'ombe aliyeelemewa na jua. Mama anayajua majina ya hali za mtoto aliyelegea. Kabla ya orodha mpya ya istilahi za afya na hali ya hewa kusanifiwa, itafaa ikasomwe kwa sauti Robanda, Tarime, Tanga na Makunduchi, na wasikilizaji waulizwe swali moja: "Ukisikia hivi, utafanya nini?"

Mapendekezo

Tunaliomba Baraza lizifikirie hoja zifuatazo katika kikao chake cha istilahi:

1. Kiharusi cha joto kiondolewe katika matangazo na katika vitabu vya shule, na mahali pake pawekwe kuzidiwa na joto.

2. Uchovu wa joto ubadilishwe kuwa kulegezwa na joto.

3. Fukuto litumike kwa joto lenye unyevu, na joto kavu kwa joto lisilo na unyevu.

4. Wimbi la joto libaki kuwa istilahi ya kitaaluma. Katika matangazo patumike siku za joto lisilo la kawaida, pamoja na idadi ya siku na jina la wilaya.

5. Saa katika tangazo lolote la usalama ziandikwe kwa hesabu ya Kiswahili pamoja na sehemu ya siku.

6. Istilahi yoyote ya tahadhari isisanifiwe kabla ya kufasiriwa kwa mdomo katika lugha mbili za jamii, na mfasiri wa pili asiwe ameyaona maandishi ya asili.

Pendekezo la sita litachelewesha kazi kwa majuma machache. Twalitoa hata hivyo, na twapendekeza orodha ya kwanza kupitishwa kwa njia hiyo iwe hii ya joto, ikiwezekana kabla ya jua la utosi la Septemba.